Vazi la mabegi ya shangazi kaja kwa ajili ya dansi, naombeni ushauri

mchezaji_tmk: Habari wadau. Tuko wanne tunacheza dansi ya kisasa hapa Dar, tunaandaa onyesho la nusu saa kuhusu sisi tuliotoka mikoani kuja kutafuta maisha mjini. Mimi nilishuka stendi ya mabasi Ubungo 2011 na shangazi kaja moja, lile begi kubwa la mirabamiraba, na godoro limefungwa kamba. Sasa nimekata mashangazi kaja 6 nikashona vazi moja linanifunika kuanzia kichwani hadi magotini, yani kama sanamu ila mtu yumo ndani anacheza. Shida nikiinua mikono vazi lote linapanda, nikizunguka linanivuta shingo, dakika 5 nyingi nimelowa chapachapa. Na mwenzetu mmoja anasema hii sio dansi ni maonyesho ya mabegi, imeniuma kweli.

fundi_buguruni: Uzito wote umeuweka mabegani ndo maana. Shona mkanda mpana kwa ndani, mzigo ukae kwenye nyonga, na kwapani tia kipande cha pembe nne cha kitambaa kinachovutika. Ile nailoni inafumuka sana, kabla ya kushona pitisha ukingo kwenye moto wa mshumaa. Mgongoni toa begi weka neti upate hewa.

Salma_K: Mwambie mwenzako amtafute Hélio Oiticica wa Brazili. Miaka ya 60 alikuwa anacheza samba na watu wa Mangueira, mtaa wa mabanda kule Rio de Janeiro, akaanza kutengeneza majoho ya vitambaa, plastiki na magunia akayaita Parangolé, na kwake ile kazi haijakamilika mpaka mtu aivae acheze. 1965 akaenda nao kwenye makumbusho ya sanaa ya kisasa palepale Rio, wamevaa na ngoma zao, wakakataliwa kuingia, wakacheza nje bustanini. Hao ndo watu wa mji wenyewe wanazuiwa mlangoni! Ila nakwambia ukweli, usicheze dansi yako ya zamani halafu begi likufuate tu. Likikuvuta shingo, anzia hapo hapo, mtu aliyebeba mzigo hatembei kama asiyebeba.

mjukuu_wa_Newala: Naongezea. Kwetu Wamakonde kwenye midimu, ngoma ya vinyago, mchezaji anafunikwa mwili mzima, nguo na kinyago, kwa sababu anayetokea pale sio fulani mtoto wa fulani tena. Wewe ni kinyume chake, unataka tumjue aliyeshuka Ubungo, sasa kwa nini ufiche uso mwanzo mpaka mwisho? Fungua hata zipu ya begi, uso utokee hapo. Na hilo begi lina historia kubwa, Nigeria ilipofukuza wageni 1983 Waghana wengi sana walirudi kwao na vitu vyao humo, mpaka leo kule linaitwa Ghana Must Go.

mchezaji_tmk: Asanteni mno jamani. Zipu nimeijaribu jana usiku, nikaifungua taratibu nikiwa nimechuchumaa, yule mwenzetu mbishi alinyamaza kabisa halafu akaniomba avae yeye. Fundi, neti gani sasa, ya chandarua?

fundi_buguruni: Ya chandarua itachanika siku ya kwanza. Tafuta ile ngumu ya jezi, na ushone mara mbili.