Tupeane uzoefu: mashine ya msasa ya diski ya kujitengenezea, karakana za nyumbani Dodoma na Kanda ya Kati

Randa Kavu
Wakuu, salamu. Mafundi wanaofanyia kazi uani, kuanzia Nkuhungu mpaka Ihumwa, wanaiulizia sana hii mashine: diski ya mbao iliyobandikwa msasa, inazungushwa na mota, nawe unasukuma mbao kwenye uso wake kuinyoosha. Uzi uwe wa vipimo: mota gani, diski ya ukubwa gani, inafungwaje, inaharibikia wapi. Hadithi za "nilianza na mtaji wa elfu kumi" zina uzi wake.

Naanza na mota. Soma kibati chake cha vipimo kabla hujanunua hata msumari. Inayofaa ni ya indakshoni (isiyo na brashi), fezi moja, 220–240 V, 50 Hz, mizunguko 1,400 hadi 1,450 kwa dakika. Ukiifunga diski ya milimita 300, ukingo unakimbia mita 22 hivi kwa sekunde, mwendo mzuri kwa mbao. Mota nyingi za pampu za maji za nusu hosi (nguvu ya farasi) zinazunguka karibu 2,850. Ukizifunga diski hiyohiyo unafika mita 45 kwa sekunde: mbao inaungua inakuwa nyeusi, na diski ya mbao ikipasuka haichagui wa kumpiga. Mota ya pampu isipewe diski inayozidi milimita 200.

Nguvu: diski ya 300 inataka 0.55 hadi 0.75 kW. Ya 225 inaridhika na 0.37 kW. Mota za mashine za kufulia zenye brashi ziacheni, zisipokuwa na mzigo zinapandisha mwendo ovyo.

Mtiki wa Kondoa
Nakubaliana na mkuu hapo juu, ila kabla ya kukimbilia 300 nenda kwanza dukani ukaulize msasa. Karatasi ya kawaida ina milimita 230 kwa 280. Diski ya 225 inafunikwa na karatasi moja bila kiungo. Diski ya 300 inakulazimisha uunge vipande, na kiungo ndiyo mahali msasa unapoanza kuchanika, au usubiri msasa wa kitambaa wa roli pana ambao haupatikani kila duka. Kwa karakana ya nyumbani, mimi nasema 225 na mambo yaishe.

Kitambaa ni bora kuliko karatasi kama unaupata. Namba 80 ndiyo ya kukaa mashineni muda mwingi. Namba 60 ni ya kula mbao haraka, 120 ya kumalizia. Ukipanda zaidi ya hapo unachoma mbao tu, malizia kwa mkono.

Kereza
Sasa flenji, yaani sahani ya chuma inayoshika diski kwenye shafti ya mota, maana hapa ndipo mashine nyingi zinapofia. Pima shafti kwa venia (kipimo cha kubana chenye milimita), usikadirie. Mota ndogo za 0.37 kW za mizunguko 1,400 mara nyingi zina shafti ya milimita 14 yenye kii ya 5 (kijiti cha chuma kinachozuia flenji isiteleze kwenye shafti). Za 0.55 na 0.75 kW ni 19 na kii ya 6. Mpe fundi wa kukereza chuma kazi hii: flenji ya kipenyo cha milimita 120, unene 8, yenye shingo ya kipenyo cha 45 hadi 50 na urefu kama wa shafti. Tundu, mfereji wa kii, na skrubu mbili za aleni za M6, moja ikikaa juu ya kii na nyingine robo ya mzunguko pembeni yake. Mwambie uso wa flenji aukereze baada ya tundu, bila kuifungua kwenye mashine yake. Akiigeuza na kuifunga upya, uso na tundu havitakuwa skwea, na diski itayumba daima.

Puli kuukuu ya mashine ya kusaga nayo inafaa, mradi uso wake usawazishwe vilevile.

Diski yenyewe: plaiwudi mbili za milimita 12, gundi nyeupe ya mbao, zibane usiku kucha juu ya kitu kilichonyooka. Kata kipenyo kizidi kwa milimita 4. Toboa flenji matundu sita, funga kwa skrubu za milimita 25 kutokea nyuma. Zikipita flenji ya 8 zinaingia kwenye mbao 17, zinabaki 7 kabla ya uso. Skrubu ya 35 itakutokea mbele. Halafu washa, laza patasi kali juu ya kipande cha mbao kilichobanwa imara, kula ukingo taratibu mpaka uwe duara kamili. Vaa miwani na usisimame kwenye mstari wa ukingo.

Kupima kuyumba: bana msumari uelekee uso wa diski karibu na ukingo, zungusha kwa mkono, pitisha filagegi (vibati vyembamba vya kupimia pengo). Tofauti ikizidi milimita 0.3 utaisikia mikononi, mbao inagongwagongwa. Dawa yake ni kipande cha kopo la soda, kina unene wa kama milimita 0.1. Kiweke kati ya flenji na mbao upande unaorudi nyuma, kaza, pima tena.

Singida Mjini
Swali: grinda ya mkono ya inchi nne na nusu ikibanwa kwenye meza haifai? Ninayo tayari.

Kereza
Haifai, kaka. Inazunguka kama 11,000. Padi yake yenyewe inamudu, lakini kwa kunyoosha kichwa cha mbao ni ndogo na inaunguza. Diski ya mbao usithubutu kuifunga humo.

Volti Chache
Naongezea la umeme. Mota ya 0.75 kW ikishatulia inavuta ampea 5 hivi, ila wakati wa kuanza inaweza kuvuta mara tano ya hizo. Waya wa kurefushia wa taa, ule mwembamba wa mita 20, unaiua taratibu. Tumia waya wa 2.5 mm². Nguvu ya kuzungusha inashuka kwa mraba wa volti: ukipata 200 badala ya 230, umebaki na kama robo tatu tu. Maeneo yaliyo mbali na transfoma jioni hali ndiyo hiyo, kwa hiyo kazi nzito zifanye asubuhi.

Swichi iwe ile ya sumaku, inayobaki imezima umeme ukirudi. Umeme umekatika, umeacha imewashwa, mtoto anachezea diski, umeme unarudi. Hapo sihitaji kueleza zaidi.

Ethi, yaani waya wa kupeleka umeme uliovuja ardhini: ardhi yetu ikikauka kuanzia Juni inapitisha umeme vibaya. Fimbo yake izame mahali panapolowa, karibu na bomba la kuogea kwa mfano, na uweke kikata umeme cha miliampea 30, kile kinachozima umeme ukivuja.

Na mota ikivuma bila kuzunguka usikimbilie kuisuka upya. Angalia kapasita (inayoisaidia mota kuanza), halafu swichi ya ndani inayofunguka kwa mwendo. Vumbi la mbao linaingia kwenye miguso yake. Ipulize na isugue kwa msasa laini. Tafuta mota iliyofunikwa pande zote, iliyo wazi katika karakana ya mbao haina maisha marefu.

Skwea
Meza. Katikati ya shafti iwe usawa wa meza au juu yake kidogo. Pengo kati ya meza na diski ni milimita 2, likizidi hapo kipande kidogo kinadumbukia na kuburuta kidole. Mota ndogo ya 0.37 kW shafti yake iko milimita 71 kutoka chini, diski ya 225 inahitaji 113, kwa hiyo inua mota kwa kipande cha 70.

Fanyia kazi upande ambao diski inashuka. Ikizunguka kinyume cha saa, upande huo ni kushoto kwako. Ukiweka mbao upande unaopanda, inarushwa usoni na vumbi lote linafuata. Mota ikizunguka usivyotaka, badilishana ncha mbili za koili ya kuanzia, basi.

Skwea ya nyuzi 90 ithibitishe hivi: sugua vichwa vya vipande viwili, kimoja kipindue, vigusanishe. Kosa linaonekana mara mbili yake.

Mtiki wa Kondoa
Kubandika msasa: piga vanishi uso wa diski kwanza, au bandika fomaika (bamba gumu laini la kufunikia meza), la sivyo msasa unapotoka unatoka na mbao. Gundi ya kontakti, nyembamba pande zote mbili, subiri isinate kidoleni, ndipo ubandike. Kuutoa, pasi ya moto wa wastani juu ya msasa kavu dakika moja, halafu vuta pole pole kutoka ukingoni. Ukisafisha mabaki ya gundi kwa thina, thina na moto visikutane.

Msasa ukiziba kwa utomvu wa paini usiutupe. Mashine ikizunguka, gusisha soli ya krepu, ile ya mpira wa kahawia, unafunguka.

Randa Kavu
La vumbi kabla sijasahau. Vumbi la mninga linawasha macho na pua, na kwa wengine linabana kifua. Zungushia boksi nusu ya chini ya diski, toa bomba la inchi mbili, lipite kwenye ndoo ya lita 20 yenye mfuniko kabla ya kufika kwenye vakyumu (mashine ya kufyonza vumbi), chenga nzito zibaki kwenye ndoo. Kuachia upepo wa Dodoma uchukue ni kumpelekea jirani. Na kwenye diski hii msinoe patasi wala kusugua chuma: cheche moja ndani ya boksi lililojaa vumbi inafuka kimya kimya hadi saa uliyokwisha lala.

Volti Chache
Kereza, plaiwudi ya diski yako ipige vanishi na nyuma pia. Ikitoka kwenye unyevu wa mvua za Januari ikaingia ukavu wa Agosti, upande mmoja ukiwa wazi, inajikunja kama sahani ya supu, na vipande vya kopo vyote inabidi uvipange upya.