Faini kwenye tenisi imegeuka kiingilio cha kumtukana mwamuzi

Wakuu, nimevumilia vya kutosha, leo nalitema.

Juzi nimerudia kutazama kile kipande cha mashindano ya Acapulco, Mexico, Februari 2022. Alexander Zverev na mwenzake wamepoteza mechi ya wawili wawili, na amekasirishwa na mpira mmoja uliohesabiwa kuwa umeingia. Mechi imekwisha, mikono imeshapeanwa. Jamaa anakifuata kiti cha mwamuzi na kukitandika raketi, moja, mbili, tatu, pale pale miguu ya mwamuzi ilipo. Anaenda kukaa. Halafu, na hapa ndipo damu inanichemka, anainuka tena, anamporomoshea baba wa watu matusi na kukitandika kiti mara nyingine wakati mwamuzi anashuka. Raketi ingekosea njia kidogo tu, leo tungekuwa tunazungumzia mguu uliovunjika.

Adhabu? Alitolewa kwenye mashindano, faini ya dola 40,000, na zawadi ya zaidi ya dola 30,000 akaikosa. Kufungiwa je? Wiki nane, lakini za kifungo cha nje! Mwezi uliofuata yuko mashindano ya Indian Wells, Marekani, anacheza kama kawaida. Mchezaji namba tatu wa dunia wakati ule, nani angethubutu kumweka benchi?

Sasa linganisheni. US Open 2020, Novak Djokovic kapoteza gemu, kaupiga mpira nyuma kwa hasira bila kuangalia, ukampata mwamuzi wa mstari kooni. Hakukusudia, hata vipofu waliona hivyo. Alitolewa papo hapo. Tim Henman yalimkuta hayo hayo Wimbledon mwaka 1995, mpira ukampata msichana muokota mipira. Denis Shapovalov, kijana wa miaka 17, mwaka 2017 kwenye Davis Cup, mashindano ya timu za mataifa, aliubamiza mpira ukamfikia mwamuzi jichoni, Kanada ikapoteza pambano zima.

Sipingi hata moja kati ya hizo adhabu. Ninachouliza ni hiki: ni wangapi kila wiki wanabamiza mpira kwa hasira vile vile, unampita mtu sentimita chache, na kinachofuata ni onyo tu? Ukigusa mwili, nje. Ukigusa ukuta, endelea. Maana yake tenisi haiadhibu utovu wa adabu, inaadhibu bahati mbaya.

Na ile ngazi yao ya adhabu ndiyo kichekesho kabisa. Kosa la kwanza onyo, la pili unakatwa pointi, la tatu unakatwa gemu zima, na kuendelea hapo mwamuzi mkuu wa mashindano anaweza kukutoa. Kwa hiyo tusi la kwanza ni la bure! Wachezaji wanalijua hilo na wanalitumia, wanakaa na onyo lao moja kama mtu aliyeweka akiba. John McEnroe naye alikuwa anahesabu hivyo hivyo, ila Australian Open ya 1990 hesabu ikamgomea. Alikuwa hajui kwamba wakati ule ngazi zilikuwa zimepunguzwa kutoka nne hadi tatu. Alipofika ya tatu akatolewa raundi ya nne huku akishangaa. Ile mechi huwa naitazama nikiwa na msongo wa mawazo, inanituliza.

Mtaniambia "ni hisia tu za mchezo". Haya, tuje US Open 2025, raundi ya kwanza. Benjamin Bonzi anaongoza seti mbili, ana pointi ya mechi (akiipata tu, kashinda), sevu ya kwanza, yaani mpigo wa kuanzisha pointi, kakosa, kabakiwa na moja tu. Mpiga picha anaingia uwanjani. Mwamuzi anampa Bonzi sevu ya kwanza upya kwa sababu ameingiliwa, uamuzi wa kawaida kabisa. Daniil Medvedev anawaka, anaenda kwenye maikrofoni, anawaambia watazamaji kwamba mwamuzi anataka kwenda nyumbani kwa kuwa analipwa kwa mechi, si kwa saa. Kisha anawapungia mikono wazomee zaidi. Zaidi ya dakika sita Bonzi kasimama na mpira mkononi, mwili unapoa, uwanja mzima unapiga kelele.

Matokeo? Medvedev akachukua seti hiyo ya tatu, ya nne akashinda 6-0! Fujo zilimlipa seti mbili. Nashukuru Mungu Bonzi alijikusanya akamaliza ya tano 6-4, la sivyo hadi leo tungekuwa tunaambiwa ule ulikuwa "ujanja wa bingwa". Faini dola 42,500, na angalau hiyo iliuma kidogo maana alikuwa amevuna 110,000 tu.

Najua Serena Williams ataletwa hapa, basi nimlete mwenyewe. Fainali ya US Open 2018 dhidi ya Naomi Osaka, alipoadhibiwa kwa kuelekezwa na kocha, kuvunja raketi na kumtukana mwamuzi. Kama hoja ni kwamba wanaume huachiwa matusi mazito zaidi, sina ubishi, nusu ya uzi huu inathibitisha hilo. Lakini dawa yake ni wanaume nao waadhibiwe. Na kocha wake alikiri mwenyewe kwamba alikuwa anampa ishara. Faini zote tatu zilifika dola 17,000, wakati mshindi wa pili alipata milioni 1.85. Haifiki hata asilimia moja. Osaka, binti wa miaka 20 aliyeshinda kihalali, alisimama kupokea kombe lake la kwanza kubwa huku analia kwa kuzomewa.

Waamuzi nao wana madudu yao. Budapest 2023, Zhang Shuai analalamikia mpira wake uliogusa mstari lakini ukaitwa nje, anaomba ile alama kwenye udongo iachwe. Mpinzani wake Amarissa Tóth anaisogelea na kuifuta kwa mguu. Kufuta ushahidi mchana kweupe! Zhang aliishia kuacha mechi akilia, na Tóth akanyanyua mikono kushangilia. Kuna watu hawana haya.

Na msiniletee habari za mashine za kuamua kama mpira umetoka. Wimbledon 2025 waliondoa waamuzi wote wa mstari, na mwaka huo huo mtu akazima mfumo upande mmoja wa uwanja kwa makosa. Mpira wa Sonay Kartal umetoka nje, mashine kimya, mwamuzi naye hakuuita nje, pointi ikarudiwa na mpinzani wake Pavlyuchenkova akapokonywa gemu lililokuwa lake. Pale mwamuzi alikuwa na macho yake mawili, angeyatumia.

Ila tukumbushane kwamba uungwana unawezekana. Roma 2005, Andy Roddick ana pointi ya mechi, sevu ya pili ya Verdasco imeitwa nje, watu wanapiga makofi. Roddick mwenyewe akaonyesha alama kwenye udongo, mpira ulikuwa umegusa mstari. Mechi ikaendelea na akaipoteza.

Ninachotaka ni vitu viwili tu. Tusi la kwanza likatwe pointi, onyo libaki kwa raketi zao wanazovunja. Na faini iwe sehemu ya zawadi ya mashindano, siyo hela za kuokota mfukoni. Mwamuzi kwa kawaida haruhusiwi hata kuzungumza na wanahabari kujitetea, basi sheria imsemee.

Mashabiki wa Zverev na Medvedev, najua mko njiani. Karibuni sana, ila kabla hujaandika neno "hisia", tazama kwanza Acapulco pale anapoinuka kitini mara ya pili.