Kenya inanidai leseni ambayo yenyewe haitoi: kilio cha tabibu wa kairopraktiki

Jamani, leo nasema. Nimenyamaza vya kutosha.

Nimesomea kairopraktiki, yaani tiba ya mikono ya uti wa mgongo na viungo, Durban, Afrika Kusini, miaka sita mpaka shahada ya uzamili, pamoja na mazoezi ya kliniki mbele ya wasimamizi waliokuwa hawakuachii ushike shingo ya mtu mpaka waridhike na mkono wako. Kule kazi hii ina sheria yake tangu 1982, Sheria Na. 63, na ina baraza linaloandikisha matabibu wa kairopraktiki, wa naturopathia (tiba ya njia za asili), wa homeopathia (tiba ya dawa zilizozimuliwa sana) na fani nyinginezo. Hujaandikishwa, humgusi mgonjwa. Ukimuumiza mtu, unaitwa na baraza ukajieleze, na leseni inaweza kwenda. Nikarudi kwetu Mombasa nikijua nitapeleka vyeti, nitalipa ada, nitapewa namba na kuanza kazi.

Kumbe Kenya vyeti vyangu havina pa kupelekwa.

Ofisi moja ya afya, sitaitaja, nilimkuta mzee mmoja mpole tu, wala simlaumu yeye. Akanisomea vyeti akauliza, "Wewe ni daktari?" Nikamwambia la, mzee wangu, sheria ya madaktari inahusu madaktari na madaktari wa meno. "Basi ni fiziotherapia." La, nao wana fani yao na baraza lao. Akavua miwani akaniambia, "Basi mwanangu, wewe ni mganga wa kienyeji. Nenda ukajiandikishe na wenzako wa mitishamba." Huko nikapewa fomu. Inataka nitaje mimea ninayotumia, ninaichuma wapi, na ni nani katika ukoo aliyenirithisha uganga. Nimekaa na ile fomu mkononi sijui niandike nini. Hakuna mahali pa kuandika kwamba najua kusoma picha ya eksirei ya uti wa mgongo. Hakuna mahali pa kuandika chuo. Waganga wetu wa mitishamba nawaheshimu, na kina mama wakandaji wa Pwani wana maarifa ambayo vyuo havijayaandika. Lakini fomu yao si yangu, na yangu haipo.

Kwa leseni ya biashara mambo yakawa hayo hayo. Karani alipekua orodha ya aina za biashara, akakosa, akaniweka chini ya saluni na masaji. Kwa hiyo ukutani kwangu pana shahada ya uzamili, na chini yake karatasi ya serikali inayosema mimi ni chumba cha masaji. Wagonjwa huisoma. Wengine huuliza, wengine hawaulizi, hawarudi tu.

Sasa hasira yangu iko hapa. Sheria ya Afya ya 2017, Na. 21, ina sehemu nzima ya tiba za jadi na tiba mbadala, na inasema wazi kwamba Bunge litunge sheria ya kuunda chombo cha kuzisimamia. Mimi sikuiomba ahadi hiyo, waliiandika wenyewe wakaipitisha. Hicho chombo hakijaundwa. Wataalamu wa lishe wana sheria yao tangu 2007. Wenzetu wa fiziotherapia walipata yao 2014, na mwaka huo huo washauri nasaha na wanasaikolojia wakapata yao. Kwa hiyo wasituambie Bunge halijui kutunga sheria ya fani ndogo. Na tukitazama jirani tu, Tanzania walitunga Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala 2002 wakaunda baraza, Uganda wakapitisha yao 2019. Wana shida zao, naam, lakini tabibu wa huko akiulizwa "umeandikishwa na nani?" ana jibu.

Mnajua anayefaidika na pengo hili ni nani? Ni yule aliyejifunza kwenye video. Fungua TikTok utamwona: amevaa koti jeupe, amemlaza mtu kitandani, anamwalisha shingo kwa kishindo huku simu inarekodi, na chini watu wanauliza bei. Hajawahi kwenda ofisi yoyote kuomba leseni, na hataenda. Mimi niliyekwenda ndiye ninayeambiwa nisubiri, niandike barua, nirudi wiki ijayo. Serikali inadhani kwa kutotuandikisha inawalinda wananchi. Inamlinda nani, ikiwa aliyesoma na asiyesoma wote wana karatasi moja ya saluni na masaji?

Na hili si jambo la mchezo. Shingo ikigeuzwa vibaya inaweza kuchanika mshipa wa damu unaopanda kwenye ubongo, mtu akapata kiharusi. Ni nadra, lakini hutokea, na ndiyo maana sisi hufundishwa kwanza ni nani usimguse. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2005 unataka saa zisizopungua 4,200 za masomo kwa mtu anayeanza kairopraktiki bila elimu nyingine ya tiba, na saa 1,000 kati ya hizo ziwe kliniki chini ya usimamizi. Wa naturopathia ulitoka 2010: saa 1,500, kliniki 400. Vipimo vipo, vimechapishwa, ni vya bure. Wizara haihitaji kubuni chochote.

Niwape kisa kimoja. Alikuja fundi wa ujenzi, mgongo unamuuma, anatembea amepinda. Alikuwa ameshakandwa na mmoja wa hawa wa video. Nikamuuliza maswali ambayo kila tabibu wa uti wa mgongo lazima aulize, na akaona haya kunijibu: sehemu za siri na kati ya mapaja pana ganzi, na tangu jana haja ndogo inamtoka bila kujua. Huyo haguswi. Huyo ni mishipa ya fahamu iliyobanwa chini ya uti wa mgongo, anatakiwa picha ya MRI na daktari wa upasuaji siku hiyo hiyo, maana akichelewa anaweza asirudiwe tena na uwezo wa kujizuia. Nikamwandikia barua ya rufaa, kila kitu wazi, nikampakia kwenye tuktuk na ndugu yake. Walipofika hospitali, mtu wa mapokezi akaitazama barua akauliza namba ya usajili ya aliyeandika iko wapi. Haipo. Akairudisha, akawaambia wapange foleni kama wengine. Ikabidi nifunge kliniki niende mwenyewe nikabishane mpaka akatoka afisa tabibu (kliniki ofisa) mmoja, Mungu ampe heri, aliyesoma ile barua kwa macho mawili akaelewa. Mgonjwa alifanyiwa upasuaji. Lakini mngeniambia nini kama asingetokea yule kliniki ofisa?

Bima sizungumzii hata. Hakuna namba, hakuna malipo, mgonjwa atoe mfukoni.

Najua watakuja wa kusema kairopraktiki si sayansi. Haya, tuzungumze. Fani hii ilianza 1895 kwa mtu anayeitwa Daniel David Palmer huko Iowa, Marekani, na alidai mambo ambayo mimi leo siyakubali. Kwa maumivu ya kiuno yasiyo na chanzo cha hatari, utafiti unaonyesha inasaidia kiasi, kama zinavyosaidia tiba nyingine za mikono na mazoezi. Anayewaambia wagonjwa kwamba kwa kunyoosha uti wa mgongo ataponya kisukari au pumu, mimi nataka afutwe. Lakini afutwe kwenye daftari gani? Unamfutaje mtu ambaye hujamwandika? Marekani nao walianza kwa kuwafunga jela hawa matabibu, kisha Kansas ikatunga sheria ya leseni 1913, na jimbo la mwisho, Louisiana, likakubali 1974. Waliona kumkamata mtu hakumfundishi mwingine kazi.

Wenzangu wa naturopathia wako pabaya zaidi yangu, kwa sababu wao wana dawa za kunywa. Anayeuza unga kwenye chupa ya maji stendi ya matatu na aliyesoma miaka minne wanaitwa jina moja.

Ninachotaka ni hiki: Bunge litunge ile sheria iliyoahidiwa 2017, na kila fani iwe na daftari lake, mitishamba mbali na kairopraktiki mbali, na mtihani kwa sisi tuliosoma nje. Nitaufanya. Nitafanya kesho.

Katiba, kifungu cha 119, inampa kila mtu haki ya kupeleka ombi Bungeni. Ninaliandika, na litakwenda kwa Kamati ya Afya ya Bunge la Taifa. Kama wewe ni tabibu uliyekwama kama mimi, au ni mgonjwa uliyeumizwa na hawa wa video, andika kisa chako hapa chini na kaunti yako. Majina ya wagonjwa msiweke.