Nipimeje muonekano wa programu ya muziki bila kuionea? Naombeni ushauri

FundiBiti (mwanzisha uzi)
Wakuu, habari zenu. Natengeneza biti, huu mwaka wa tisa niko na programu ileile. Wenzangu ninaorekodi nao wameniomba niipitie programu nyingine niwaambie tuhamie au tubaki. Majina ya zote mbili nayahifadhi ili uzi usigeuke ubishi wa ushabiki.

Shida ni kwamba dakika kumi za kwanza nilikuwa nimeshaichukia. Nilitafuta pa kupangia ngoma, ile safu ya vitufe niliyoizoea, sikuiona. Nikabofya mara mbili nikitegemea dirisha lifunguke, ikaniongezea treki (mstari wa kuwekea sauti) tupu. Nikaandika kwenye daftari: "muonekano mbovu." Usiku niliposoma tena niliona haya. Sijui ubovu ni wa programu au ni vidole vyangu vimezoea kwingine. Wenzangu watatoa hela na muda wao kwa neno langu, na kuna watu walikesha kuitengeneza. Nifanyeje nitende haki?

KinandaChaKale
Mkuu, kwanza jua kila programu ina kazi iliyoizaa. FL Studio ilianza 1997 ikiitwa FruityLoops, mashine ya kupanga ngoma hatua kwa hatua, na mpaka leo imejengwa juu ya vipande unavyovipanga baadaye kuwa wimbo. Pro Tools ya 1991 ilirithi fikra za studio ya mikanda: treki zimelala kushoto kwenda kulia, mixa, pa kusawazisha sauti za treki zote, ina ukurasa wake. Ableton Live ilipotoka 2001 ilimfikiria mtu aliye jukwaani, ndiyo maana ina visanduku vya kufyatua lupu (vipande vya sauti vinavyojirudia) bila kufuata mstari wa muda. Usiandike "haina" kabla hujauliza waliotengeneza walitaka ufanye kazi hiyo kwa njia gani.

DadaMixa
Nakubali, ila hoja hiyo isitumike kufunika kila kitu. Kuna makosa ambayo ni makosa kwa mtu yeyote. Chukua kitufe cha kuzungusha. Kwenye mashine halisi vidole viwili vinakishika na kukigeuza. Kipanya hakina vidole viwili. Ukilazimishwa kuchora duara kuzunguka kitufe kidogo, mkono unachoka na thamani inarukaruka. Programu nzuri inakuacha uvute juu au chini, na ina namna ya kwenda polepole ukitaka kugusa kidogo tu.

Kingine ni kujua hali ya kitu. Niliwahi kumrekodi mwimbaji wimbo mzima, akaimba vizuri kuliko siku zote, kumbe treki iliyoandaliwa kurekodi ilikuwa ile ya pembeni yake. Alama ilikuwa kidoti chekundu kilichofifia juu ya kijivu. Nililaumiwa mimi, nami nikakubali. Leo nasema wazi ule ulikuwa mpangilio mbaya, na asiyeona tofauti ya nyekundu na kijani angeumia zaidi.

Halafu usitoe wala kukata alama kwa sababu ya picha za mbao na skrubu za kuiga mashine halisi peke yake. Kwenye programu ya Reason ukibonyeza kitufe cha Tab cha kibodi mashine zote zinageuka unaona nyaya nyuma. Ni picha, lakini inamfundisha mtu sauti inatoka wapi inakwenda wapi.

Mkongwe_77
Mnahangaika bure. Msikilizaji hajui ulitumia programu gani.

SikioTu
Mkongwe, msikilizaji hajui, anayetengeneza anajua. Mimi sioni. Muonekano kwangu ni kile kisoma-skrini, programu ya kusoma kwa sauti kilicho kwenye skrini, kinachokitamka. Natumia programu ya Reaper pamoja na nyongeza ya bure iitwayo OSARA, iliyotengenezwa kwa ajili yetu, na natengeneza wimbo mwanzo hadi mwisho bila kugusa kipanya. Kuna programu zinasifiwa kwa uzuri, nikizifungua nasikia "kitufe, kitufe, kitufe", hakuna jina hata moja. FundiBiti, weka kipanya pembeni nusu saa ujaribu. Tathmini karibu zote ninazosoma hazigusi jambo hili.

KaziKwanza
Andika kazi tano unazozifanya kila wiki: kurekodi sauti, kukata sauti za pumzi za mwimbaji, kupanga ngoma, kutengua kosa, kutoa faili la mwisho. Zifanye siku ya kwanza, kisha siku ya kumi. Kosa lililopotea lilikuwa la mazoea yako. Lililobaki ni la programu.

Tafuta pia mtu ambaye hajawahi kugusa yoyote kati ya hizo, mpe kazi zilezile, ukae kimya. Kukaa kimya ndiko kugumu, utatamani kumwonyesha. Na programu yako ya miaka tisa ipite mtihani huohuo. Umesahau ilivyokutesa mwanzoni.

FundiBiti
Wakuu, nimerudi, leo siku ya kumi na moja.

"Haina pa kupangia ngoma" nimeifuta. Pamo, na siku ya nne nilikuwa nafika bila kufikiri. Mgeni wangu, asiyewahi kugusa yoyote kati ya hizo, aliganda mbele ya mixa ya programu yangu niliyoizoea, akauliza sauti inaingilia wapi. Nilikaa kimya kama KaziKwanza alivyosema, na iliniuma, kwa sababu alikuwa na haki ya kuuliza.

Ile ya kubofya mara mbili imebaki. Nimeifanya tena jana, na mgeni aliifanya mara nne, akaacha treki tupu ambazo hakujua zimetoka wapi. Hiyo inaingia kwenye ripoti.

SikioTu, niliweka kipanya pembeni. Nikiingia kwenye mixa kwa Tab nazunguka humohumo, sitoki mpaka nishike kipanya. Nimeiweka ya kwanza kabisa kwenye ripoti, na watengenezaji nimewaandikia leo asubuhi nikiwaeleza hatua kwa hatua.