Utando mweupe juu ya pumba za nukazuke: nimwage au niendelee?

Muulizaji:
Wanajamvi, habari za leo. Ninatengeneza nukazuke, achari za Kijapani ambazo mboga hufukiwa katika pumba laini za mchele zilizokandwa kwa maji ya chumvi. Nilitumia pumba kilo moja, maji lita moja, chumvi gramu 120, kipande cha mwani mkavu wa kombu na pilipili kavu. Sasa juu umetanda utando mweupe, na harufu inakaribia ile ya rangi ya kupakia milango. Je, bado zinafaa?

Jibu la 1:
Ndugu, usimwage. Utando huo ni aina ya hamira inayopenda hewa, na harufu unayoisikia ni yake. Bakteria wanaoipa achari uchachu wao hustawi chini kusiko na hewa. Ndiyo maana Wajapani huzamisha mkono hadi chini ya chombo kila siku, wakaleta juu pumba za chini na kuzika za juu, kisha wakashindilia na kufuta kingo. Utando ukiwa mwembamba, uchanganye humo humo. Ukiwa mnene, ukwangue. Ukiona ukungu wa kijani au mweusi wenye manyoya, hapo tupa bila kusita.

Jibu la 2:
Naongezea. Kipimo chako cha chumvi ni kizuri kwa kuanzia, lakini kila tango unalolifukia hunyonya chumvi na kuacha maji, hivyo ongeza pumba na chumvi kidogo kila mchanganyiko unapolegea. Chumba kikizidi nyuzi 25, hamishia chombo kwenye jokofu. Je, pumba umezitoa wapi? Za mashine nyingi za huku kwetu huchanganyika na maganda ya mpunga, na zikikaa siku nyingi mafuta yake huharibika.

Muulizaji:
Nashukuru sana. Ni za mashineni, zilizotoka siku hiyo hiyo, nami nilizichekecha kwa chekeche la unga. Majani ya kabichi niliyoyatanguliza yanalika?

Jibu la 1:
Hayo ni ya kuamsha bakteria tu, na kwa kawaida hutupwa kwa wiki moja au mbili za mwanzo, maana huwa ni chumvi tupu. Baada ya hapo sugua tango kwa chumvi, lifukie jioni, ulitoe asubuhi na kuliosha. Karoti ipe siku nzima.