Nataka nimpeleke bi mkubwa Amani, siku moja inatosha au tulale?

Binti_Pongwe

Habarini za humu wana Tanga. Naombeni msaada kwa wanaoijua Amani vizuri, namaanisha kule juu milimani upande wa Muheza. Mama yangu ana miaka 67, kalima Pongwe maisha yake yote, mihogo, minazi kidogo na michungwa, hiyo milima anaiona kila asubuhi kukiwa hakuna ukungu lakini hajawahi kuipanda hata siku moja. Mwaka huu nimeweka nadhiri ntampeleka. Sasa kila ninaemuuliza hapa mjini ananiambia kule ni miti tu mnaenda kuangalia nini, wengine wanasema bora Lushoto. Magoti yanamsumbua kwahiyo vilima virefu hawezi. Tukitoka asubuhi jioni tunaweza kuwa tumerudi? Baridi ikoje kwa mtu aliezoea joto la huku pwani? Na kikubwa zaidi, kuna nini cha kumuonyesha mtu ambae ni mkulima, maana nasikia zamani kilikuwa kituo cha kilimo cha Mjerumani.

Suka_wa_Muheza

Dada, mi napanda huko mara kwa mara na abiria. Kutoka Muheza mpaka Amani ni kama kilomita 36, ukiziskia utasema ni karibu ila kuanzia Zigi kwenda juu ni kona na mlima mtupu, gari inaenda pole pole. Mabasi ya kupanda yanatoka Muheza mchana na ya kushuka yanaondoka alfajiri, kwahiyo ukitegemea basi lazima mlale. Ukitaka kwenda na kurudi siku hiyo hiyo kodi gari, mchangishane hata watu watano, na iwe gari iliyoinuka sio hizi za chini. Machi mpaka Mei usithubutu na mama mtu mzima, masika njia inateleza. Pale Zigi ndo geti, mnaandikishwa mnapewa namba ya malipo mnalipa kwa simu, Mtanzania bei yake ni ndogo kuliko mgeni, mbebe vitambulisho. Msikose sweta na soksi za mama, mwezi wa sita na wa saba kule kunakuwa na baridi ya kweli na ukungu unashuka mpaka barabarani.

Mjukuu_wa_Bustani

Anaesema kule ni miti tu naomba anisamehe lakini hajui anachokiongelea. Mi nimezaliwa pale, babu yangu alikuwa kibarua wa bustani enzi za Muingereza, alikuwa anaotesha miche na kumwagilia, na hili jambo nalibeba moyoni kwa sababu watu wetu wa Tanga wanapita barabara ya Segera wanaacha kitu kikubwa namna ile juu ya vichwa vyao.

Ni hivi. Mjerumani alianzisha kile kituo mwaka 1902, akachagua pale kwa sababu ni kama mita 900 juu ya bahari, mvua zinanyesha karibu mwaka mzima na ubaridi upo, alafu ukishuka kidogo tu unapata joto, kwahiyo mmea wa aina yoyote unaweza kuupatia mahali pake. Akaleta mimea kutoka dunia nzima, Asia, Amerika, visiwani huko, akawa anajaribu kipi kitakubali ardhi ya huku ili mashamba ya walowezi yapate mali. Mkwinini, mpira, kahawa, kakao, kafuri, mdalasini, karafuu, iliki, mianzi ya kila aina. Bustani ni kama hekta 300, zamani ilikuwa inahesabiwa katika bustani kubwa kabisa za mimea Afrika. Ilipokuja vita ya kwanza, meli za Ujerumani zikawa haziwezi kuleta kitu, basi kwinini, dawa ya malaria ya askari, ikawa inatengenezwa pale pale kutokana na maganda ya ile miti, na sabuni na mishumaa pia. Babu alikuwa akitusimulia kwamba wazee wake waliyamenya yale maganda, chungu mtu ukiitia mdomoni unashinda nayo siku nzima.

Na tusisahau kazi ile ilifanywa na mikono ya watu wetu, Washambaa, Wabondei, na waliotoka mbali kutafuta kibarua. Majina kwenye vitabu ni ya wakubwa, waliochimba mashimo hayakuandikwa.

Kuhusu kutembea, mama hana haja ya kupanda vilele. Barabara yenyewe inapita katikati ya bustani, gari linasimama anashuka anaangalia mti mmoja anarudi kukaa. Ila chukueni mtu wa kuwaelekeza pale getini, bila mtu wa kuwaeleza mtapita kwenye mti wenye historia ya miaka mia mkidhani ni mwembe.

Mwalimu_wa_Bayo

Umesema mama analima mihogo, basi mwambie hivi, hakuna mkulima wa mihogo pwani hii asiehusiana na Amani. Ule ugonjwa unaoozesha mhogo kwa ndani, unachimba unakuta una madoa ya kahawia magumu kama mbao wakati majani juu yanaonekana mazima, michirizi ya kahawia, dunia iliusoma kwa mara ya kwanza kwenye maandishi ya mtafiti wa Amani anaitwa Storey mwaka 1936. Na batobato, ule ugonjwa wa majani ya mhogo, nayo walihangaika nayo pale miaka mingi. Walichofanya ni kuuchanganya mhogo na ndugu yake, ule mti wa mpira ambao mpaka leo mnauona mashambani, maana wenyewe ulikuwa unahimili ugonjwa, alafu wakawa wanarudisha uzao kwa mhogo kizazi baada ya kizazi mpaka upate mzizi unaolika. Mbegu za kazi hiyo zilipelekwa mpaka Nigeria miaka ya 50 na zikawa msingi wa mihogo inayovumilia batobato huko Afrika Magharibi. Mimi kila nikiwafundisha watoto hapa Tanga hili huwa nasimama kidogo, kwa sababu mtoto anadhani sayansi inatoka mbali kumbe ni Muheza hapo.

Baada ya vita ya pili utafiti wa kilimo ukahamishiwa Muguga kule Kenya, na majani yaliyokaushwa kwa kumbukumbu yakaenda Nairobi 1950, yapo huko mpaka leo. Amani ikabaki na utafiti wa malaria, baadae nao shughuli zake nyingi zikashushwa Muheza.

Kingine muulizie yule muongozaji ua dogo la zambarau linaloota kwenye mawe yenye unyevu karibu na vijito, Saintpaulia. Mkuu wa wilaya wa Tanga wakati wa Mjerumani, Saint Paul-Illaire, alilipeleka kwao 1892, leo linauzwa kwenye vikopo madirishani Ulaya na Marekani yote. La asili ni la kwetu na linapungua kwa sababu haliwezi kuishi kivuli cha msitu kikiondoka. Msing'oe hata moja jamani.

Shangazi_Soni

Mi ni wa Lushoto na kwetu napasifia, ukitaka peasi, plamsi, kabichi na baridi ya kuwasha moto jioni njoo kwetu, kutoka Mombo lami mpaka mjini. Lakini kwa bustani ya miti Amani haina mwenzake, hilo naliafiki. Mwanangu mpeleke mama kwanza huko karibu, kwetu aje mwakani Inshallah.

Binti_Pongwe

Nawashukuru sana. Mjukuu_wa_Bustani, kulala ni lazima? Na Mwalimu, hiyo ya mihogo umenigusa, msimu uliopita tulichimba nusu shamba tukatupa, mama alikaa tu kwenye tuta hakusema neno.

Mjukuu_wa_Bustani

Laleni dada yangu. Kuna nyumba za wageni Zigi na kule juu, piga simu kabla. Asubuhi ya saa kumi na mbili kule mbega wanapita juu ya mapaa na ndege wanaimba, hiyo mama asiikose. Alafu akiuliza mbona kuna miti mirefu myeupe imejaa kila mahali, hiyo ni mihesi, ililetwa kutoka kanda ya ziwa na sasa imeingia msitu wa asili inawabana wenyeji, mkulima ataelewa haraka, ni kama gugu tu lililokuwa refu.

Binti_Pongwe (MREJESHO)

Jamani nimerudi, nilisema ntaleta mrejesho. Tulienda wiki iliyopita, watu wanne kwenye gari ya kukodi, tukalala usiku mmoja. Baridi ipo, mama alivaa kanga mbili juu ya sweta na chai ya tangawizi hakuiacha mkononi.

Nilidhani atafurahia mihogo ama iliki. Alifurahi ndio, mdalasini aliujua kwa harufu kabla kijana hajasema, na kwenye mti wa mpira alimwambia kijana wa watu huu kwetu tunaufanya uzio. Lakini kilichomshika ni kafuri. Yule kijana aliokota jani chini akalisugua akampa mama anuse. Mama akanusa akanyamaza. Kumbe kafuri kaitumia miaka yote, ndie anaeitwa mtaani kwetu kuosha maiti za kinamama, kamuosha bibi yetu, kamuosha dada yake, kafuri anaijua ya dukani vidonge vyeupe kwenye kikaratasi, hakuwahi kujua inatoka kwenye mti na mti wenyewe upo saa chache kutoka nyumbani kwake. Akaushika ule mti kwa mkono wa kulia akasoma Fatiha pale pale, sote tukainua mikono, na yule kijana nae akaitikia amina. Jani alilirudisha chini kwa mzizi, kijana alishatuambia kule hakitolewi kitu. Mpaka tunafika Muheza alikuwa bado ananusa kiganja.

Magoti hayakumsumbua kabisa, Suka ubarikiwe, gari ulivyosema ndivyo ilivyokuwa.

Sasa kaniagiza nitafute mbegu ya mihogo inayovumilia michirizi, kasikia Kiroba inajitahidi. Mwalimu au yeyote alie karibu na Pongwe mwenye vijiti safi, vilivyotoka shamba lisilo na ugonjwa, naomba aniandikie, vuli anataka awe ameshapanda.