Kibarua cha msimu serikalini, nina miaka 16 kazini, pensheni nahesabiwaje?

MamaTandika:
Wakuu habari za jioni, wakubwa shikamooni. Naombeni msaada kwa anayejua mambo ya mifuko ya pensheni. Mimi nafanya kazi ya msimu kwenye taasisi moja ya umma hapa Dar, tunapima na kupanga mizigo ghalani, tunaitwa mwezi wa sita mizigo ikianza kuingia, Desemba ikiisha tunaachwa, hapo ni miezi saba. Nilianza 2009 na sijakosa msimu hata mmoja, na nikiwa kazini nakatwa michango ya NSSF, ule mfuko wa hifadhi ya jamii, kila mwezi. Sasa juzi kwenye daladala natoka Kariakoo mama mmoja akaniambia ukifikisha miaka 15 pensheni unayo, nikafurahi sana maana mimi mpaka msimu uliopita nimefikisha miaka 16. Kufika nyumbani mume wangu anasema hiyo 15 ni ya kuchangia sio ya kuwa kazini. Nimekosa raha kabisa. Nina miaka 46. Nani yuko sahihi?

Karani_Mstaafu:
Marahaba mwanangu. Mumeo yuko sahihi, na nasema hivi kwa uchungu maana nimekaa masijala miaka mingi nimewaona wengi wanakuja na furaha kama yako. Mfuko hauhesabu miaka, unahesabu miezi iliyoingia michango, na inatakiwa 180. Mtumishi wa kudumu akifanya miaka 15 amemaliza kwa sababu mwaka wake una miezi 12, wa kwako una saba. Misimu 16 mara saba ni miezi 112. Hiyo ni miaka tisa na miezi minne basi.
Ila kabla hatujaenda mbali nikuulize, hujawahi kuchukua fao la kujitoa, yaani kurudishiwa michango yako kazi ikiisha? Zamani watu wa msimu walikuwa wanachukua sana.

MamaTandika:
Ee Mungu wangu. Nilichukua mwanzoni mwa 2015 mzee wangu, mtoto alikuwa anaingia sekondari na kibarua kilikuwa kimeisha, tulikuwa wengi tulioenda siku hiyo. Sikujua kama na miezi inaondoka, nilijua ni hela tu.

Karani_Mstaafu:
Inaondoka. Ukishalipwa ile michango, miezi yake nayo imefungwa. Kwa hiyo 2009 mpaka 2014 toa, hiyo ni 42, unabaki na 70. Usijilaumu, ada ya mtoto ilikuwa mbele yako na hakuna aliyekukalisha chini akakueleza, hilo ndo linaniuma mimi.
Sasa hesabu mbele. Una 46, kustaafu kwa lazima ni 60, yaani misimu 14 mingine, mara saba ni 98. Jumlisha na 70 unapata 168. Umeona? Utafanya kazi mpaka 60 bila kukosa msimu na bado utapungukiwa miezi 12, na asiyefikisha 180 analipwa mkupuo mara moja halafu basi, hakuna kitu cha kila mwezi.

DeiwakaPugu:
Dada hapo kwenye miezi 12 ndo pa kupambania. NSSF inapokea na watu waliojiajiri, mama lishe, bodaboda, wavuvi, wote wanachangia wenyewe. We ile Januari mpaka Mei unafanya nini, si una kabiashara? Nenda ofisi yao ya Temeke waambie unataka kuendelea kuchangia miezi usiyokuwa kazini, kwa namba yako ileile, usikubali kufunguliwa uanachama wa pili maana mtu anatakiwa awe na namba moja na ukija kuwa na mbili kuunganisha ni safari ya miezi. Ukijaza miezi yote 12 ya mwaka, hiyo 110 iliyobaki kufika 180 unaimaliza kwa miaka tisa na miezi miwili, yaani kwenye 55 hivi, na 55 ndo umri wa kustaafu kwa hiari.

BintiKigamboni:
Nina kaka yangu yuko Marekani, mkewe anafanya kazi ya msimu kwenye hifadhi ya serikali kuu. Kule wamegawa: kama ajira yako ni ya kudumu ila ya msimu, ile miezi unayokaa nyumbani bila mshahara wanakuhesabia kwenye utumishi, mwisho miezi sita kwa mwaka wa kalenda, kwa hiyo ukifanya kazi miezi sita unaandikiwa mwaka mzima. Walioajiriwa kwa muda tu hawana hilo. Huku kwetu sioni kwa nini mtu anayeitwa ghala lilelile miaka 16 mfululizo aitwe wa muda. Hilo linatakiwa lifike bungeni, kelele zote za kikokotoo, ile hesabu ya kupigia pensheni, zilikuwa za waliofikisha 180, wasiofikisha hakuna aliyewasemea.

Karani_Mstaafu:
Umenena binti. Mama Tandika, kesho usiende na swali tu, omba stetimenti ya michango mwezi kwa mwezi. Usiamini makato ya kwenye salari slipu, kukatwa ni kitu kimoja na kupelekwa ni kingine.

MamaTandika:
Nimerudi wakuu, leo nilienda, foleni haikuwa kubwa, dada wa pale dirishani Mungu ambariki amenieleza taratibu. Ile ya kuchangia mwenyewe nimepewa fomu. Lakini stetimenti inasoma miezi 63 sio 70. Msimu wa 2019 wote hakuna kitu, na nilikatwa, nakumbuka kabisa maana ndo mwaka tulioezeka nyumba nilikuwa nahesabu kila shilingi. Nimetoka pale miguu haina nguvu.

DeiwakaPugu:
Pole sana dada. Hilo deni ni la mwajiri sio lako, sheria inamtaka apeleke yote, alichokukata wewe na sehemu yake, na asipopeleka anadaiwa na adhabu juu. Mfuko una wakaguzi kazi yao hiyo. Andika barua, ambatisha slipu za 2019, peleka nakala kwa mwajiri na mfuko, na kila nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Na waulize wenzako wa ghala, kama wewe 2019 haipo na wao haipo, mkienda kumi mtasikilizwa haraka kuliko ukienda peke yako.

MamaTandika:
Nimewapigia, wanne nao wameangalia, 2019 haipo. Mmoja ana 57 na hakuwahi kujitoa, yeye hiyo miezi saba ndo inamfikisha. Slipu nimezikuta tano kwenye begi la zamani la shule, ya Juni na ya Oktoba bado natafuta. Jumatatu saa mbili tunakutana mlangoni wote watano.